Somo la Tisa: Vivumishi vya Rangi na -a Unganifu katika Maelezo ya Mapambo ya Nyumba

Malengo ya somo

Baada ya kulisoma somo hili, mwalimu tarajali ataweza kupatanisha vivumishi vya rangi na nomino za ngeli mbalimbali, kutofautisha rangi zinazotajwa kwa kivumishi halisi na zile zinazotajwa kwa -a unganifu, na kueleza kwa nini mwanafunzi aliyekulia katika Kinyarwanda hukosea pale anapokosea. Lengo la tatu ndilo gumu kuliko mengine, nalo ndilo litakalochukua nafasi kubwa zaidi.

9.1 Kabati lililopakwa rangi lote

Miaka michache iliyopita jirani yangu mmoja hapa Kigali aliagiza kabati la sebuleni kwa fundi seremala. Alikuwa amekusudia kuipamba sebule yake kwa vitu vinavyotokana na maumbile: mikeka ya ukindu sakafuni, vikapu ukutani, mimea katika vyungu vya udongo, na kabati la mvule ambalo mbao zake zingebaki na rangi ya mti wenyewe. Milango ya kabati hilo peke yake ndiyo aliyotaka ipakwe rangi nyeupe, ili baadaye ichorwe juu yake michoro ya imigongo. Fundi alikuwa mtu wa upande wa Kongo, na Kinyarwanda chake kilikuwa kichache. Kwa hiyo jirani alimwandikia ujumbe mfupi wa simu kwa Kiswahili:

“Fundi, nataka milango ya kabati nyeupe.”

Baada ya majuma mawili kabati lililetwa, nalo lilikuwa jeupe tangu juu hadi miguuni. Mvule wote ulikuwa umefunikwa. Jirani akakataa kulipa fedha zilizobaki. Fundi akashikilia kwamba alifanya kama alivyoandikiwa. Wakaja kwangu wote wawili, simu ikiwa mkononi, wakaniomba niwaeleze ujumbe ulisema nini, kwa kuwa, kwa maneno ya fundi, “wewe mwalimu ndiye mwenye lugha.”

Niliusoma ujumbe ule mara mbili, nikalazimika kuwaambia kwamba haukumpa ushindi yeyote kati yao. Nomino milango imo katika ngeli ya U-I, na nomino kabati imo katika ngeli ya LI-YA. Kama weupe ulikusudiwa kwa milango, sentensi ilipaswa kuwa “milango ya kabati myeupe.” Kama ulikusudiwa kwa kabati, ilipaswa kuwa “milango ya kabati jeupe.” Umbo nyeupe ni la ngeli ya I-ZI, na katika ujumbe ule hapakuwa na nomino hata moja ya ngeli hiyo. Kivumishi kilikuwa kimesimama peke yake, hakimjui mwenyewe. Mwishowe waligawana gharama ya kuikwangua rangi, lakini alama za msasa zinaonekana kwenye mvule ule hadi leo.

Ninakianza somo kwa kisa hiki kwa sababu nimewahi kuwasikia walimu, hata wenye uzoefu, wakiwaambia wanafunzi kwamba upatanisho wa kisarufi ni suala la “kusema vizuri” tu, na kwamba msikilizaji ataelewa hata ukikosewa. Mara nyingi ataelewa, ni kweli. Lakini upatanisho ndio unaoonyesha kivumishi ni cha nomino ipi pale nomino zinapokuwa mbili au tatu katika kirai kimoja, na lugha ya kuagiza vitu vya nyumbani imejaa virai vya namna hiyo: mlango wa kabati, mto wa kochi, pazia la dirisha, mguu wa meza, fremu ya kioo. Anayeagiza pambo la kutengenezewa yeye mwenyewe, si la kununua dukani likiwa tayari, hana kitu cha kunyooshea kidole. Ana maneno tu.

9.2 Vivumishi vitatu na rangi tatu za imigongo

Kiswahili kina vivumishi halisi vitatu tu vya rangi, yaani vivumishi vyenye mzizi unaopokea kiambishi cha ngeli: -eupe, -eusi na -ekundu. Rangi nyingine zote hutajwa kwa njia tofauti, tutakayoiona katika sehemu ya 9.4.

Mwanachuo wa Rwanda ana njia nyepesi ya kuukumbuka utatu huu. Imigongo ni sanaa ya kupamba kuta iliyoanzia Gisaka, kusini-mashariki mwa nchi, katika eneo ambalo sasa lina Wilaya ya Kirehe. Masimulizi huihusisha na Kakira, mwana wa mtawala wa Gisaka, anayesemekana kuipamba nyumba yake kwa namna hiyo. Kinyesi cha ng’ombe huchanganywa na majivu, kikafinyangwa kwa vidole juu ya ukuta, au siku hizi juu ya ubao, kufuata mistari iliyokwisha kuchorwa. Matuta yanayotokea huachwa yakauke, hulainishwa, kisha hupakwa rangi. Na rangi za jadi ni zipi? Ni nyeusi, nyeupe na nyekundu. Nyeupe ilitokana na udongo mweupe uitwao ingwa, nyekundu ilitokana na udongo mwekundu, na nyeusi ilipatikana kwa kuchanganya majivu ya maganda ya ndizi na utomvu wa mmea wa jamii ya mshubiri. Kuta za zamani za Gisaka zilipambwa kwa rangi zilezile ambazo sarufi ya Kiswahili imezipa vivumishi.

Kufanana huku si ajabu tupu. Mwaka 1969 wataalamu wawili wa Marekani, Brent Berlin na Paul Kay, walichapisha utafiti uliolinganisha majina ya rangi katika lugha nyingi za dunia. Walidai kwamba lugha ikiwa na majina ya msingi matatu tu, majina hayo huwa ya weupe, weusi na wekundu. Hoja yao imepingwa na kurekebishwa mara nyingi tangu hapo, na mimi mwenyewe siichukui kuwa sheria. Lakini Kiswahili, ukihesabu mizizi ya vivumishi peke yake, kinakaa vizuri ndani yake.

Sanaa ya imigongo ilikaribia kutoweka baada ya Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, ikafufuliwa na vikundi vya wanawake wa Kirehe, hasa katika mji mdogo wa Nyakarambi. Leo michoro hiyo huonekana katika hoteli, ofisi na nyumba za watu binafsi za Kigali, na baadhi ya mafundi wameongeza rangi ya samawati na ya kijani. Wazee wengine hawazipendi nyongeza hizo. Upande wa sarufi, nyongeza hizo zinatupeleka nje ya vivumishi vitatu, nasi hatuna la kulalamikia.

Neno lenyewe linafaa kutazamwa. Umugongo katika Kinyarwanda ni mgongo katika Kiswahili, na imigongo ni migongo: mchoro umeitwa kwa matuta yake yaliyoinuka kama mgongo. Kwa kuwa mzizi ni mmoja na viambishi vinalingana, ninapendekeza neno hilo litumikapo katika sentensi ya Kiswahili lipatanishwe kwa ngeli ya U-I: “imigongo hii myeusi,” “imigongo iliyochorwa ukutani.” Tukisema “sanaa ya imigongo,” kichwa cha kirai ni sanaa, nayo ni ya ngeli ya I-ZI: “sanaa ya imigongo imeenea.”

Neno agaseke halifuati wepesi huo. Wingi wake ni uduseke, na jozi ya viambishi hivyo haina ngeli inayolingana nayo katika Kiswahili sanifu. Wanachuo wangu wamewahi kuandika “agaseke hii,” “agaseke hiki,” na hata “agaseke haka.” Ushauri wangu ni kuliweka nyuma ya nomino ya Kiswahili itakayobeba upatanisho: “kikapu hiki cha agaseke,” “vikapu vyeupe vya agaseke.” Kikapu hicho, ambacho kimo pia katika nembo ya taifa iliyoanza kutumika mwaka 2001, kinastahili kutajwa bila kukiharibia sarufi.

9.3 Maumbo, na mahali yanapokwamisha

Jedwali lifuatalo limechagua nomino za nyumbani peke yake. Mwalimu atakayelitumia darasani na aliandike upya kwa vitu vilivyomo chumbani mle.

| Ngeli | Nomino | -eupe | -eusi | -ekundu |
|---|---|---|---|---|
| U-I (umoja) | mkeka | mweupe | mweusi | mwekundu |
| U-I (wingi) | mikeka | myeupe | myeusi | myekundu |
| LI-YA (umoja) | pazia | jeupe | jeusi | jekundu |
| LI-YA (wingi) | mapazia | meupe | meusi | mekundu |
| KI-VI (umoja) | kikapu | cheupe | cheusi | chekundu |
| KI-VI (wingi) | vikapu | vyeupe | vyeusi | vyekundu |
| I-ZI (umoja na wingi) | meza | nyeupe | nyeusi | nyekundu |
| U-ZI (umoja) | ukuta | mweupe | mweusi | mwekundu |
| U-ZI (wingi) | kuta | nyeupe | nyeusi | nyekundu |

Mizizi yote mitatu huanza kwa irabu e, na ndiyo maana viambishi hubadilika umbo: m- huwa mw-, mi- huwa my-, ki- huwa ch-, vi- huwa vy-, na ma- huungana na e ikatoa me-. Katika ngeli ya LI-YA umoja, ambako vivumishi kama -zuri na -kubwa havionyeshi kiambishi chochote (pazia zuri, kabati kubwa), mizizi hii hupokea j-. Mwanafunzi aliyekwisha kukariri “kabati kubwa” hataitarajia j- hiyo, basi aonyeshwe mapema.

Sasa tuje kwenye makosa yenyewe. Katika insha na mazungumzo ya wanafunzi wa Kigali nimekutana na aina tatu, na kila moja ina chanzo chake. Mwalimu asizisahihishe zote kwa dawa moja.

Aina ya kwanza ni hii: *nyumba yeupe, *nyumba zeupe, *ukuta weupe, *kuta zeupe. Mtazamaji wa haraka atasema mwanafunzi hajui ngeli. La, anazijua barabara. Amekosea kwa sababu anazijua za lugha yake. Katika Kinyarwanda weupe, weusi na wekundu huelezwa kwa vitenzi: kwera, kwirabura, gutukura. Msemaji wa Kinyarwanda anaposema inzu yera, urukuta rwera au urugi rutukura, kile kiambishi cha mwanzo ni kiambishi cha kitenzi, kama vile sisi tungesema “nyumba iliyo nyeupe.” Mwanafunzi anapovuka kuja katika Kiswahili huchukua kiambishi cha kitenzi cha Kiswahili, yaani i-, zi- au u-, akakibandika kwenye mzizi wa kivumishi. Hoja yake ina mantiki. Kinachohitajika ni kumwonyesha kwamba Kiswahili kina safu mbili za viambishi, moja ya vitenzi na nyingine ya vivumishi vya sifa, na kwamba safu hizo hutofautiana zaidi katika ngeli za I-ZI na U-ZI. Mwandikie ubaoni jozi hizi:

Ukuta umepakwa rangi. / Ukuta mweupe.
Nyumba imejengwa. / Nyumba nyeupe.
Kuta zimepasuka. / Kuta nyeupe.

Jozi hizo tatu, zikisomwa kwa sauti na darasa zima mara kadhaa, zimenisaidia kuliko kurasa nyingi za maelezo.

Aina ya pili ni: *rangi ya nyeupe, *ukuta wa nyekundu, *kiti cha nyeusi. Chanzo chake nacho kimo katika Kinyarwanda, lakini ni kingine. Lugha hiyo ina nomino za rangi kama umweru, umukara na umutuku, na husema ibara ry’umweru, ambayo neno kwa neno ni “rangi ya weupe.” Mwanafunzi hukichukua kiunganishi hicho akakiweka mbele ya kivumishi cha Kiswahili ambacho tayari kina kiambishi chake. Ikumbukwe pia kwamba Kiswahili chenyewe humchanganya kwa kusema “rangi ya kijani” na “rangi ya kahawia.” Kwa hiyo kosa hili lisisahihishwe kabla ya somo la -a unganifu, bali pamoja nalo.

Aina ya tatu ni ile ya jirani yangu: nyeupe, nyeusi na nyekundu kutumika kwa kila nomino. *Mlango nyeupe, *kiti nyeusi, *mapazia nyekundu. Hapa Kinyarwanda hakina hatia, maana lugha hiyo haiachi nomino bila upatanisho. Chanzo ni Kiswahili cha mazungumzo ambacho mwanafunzi anakisikia mjini, sokoni na kwa madereva wa masafa marefu, ambacho umbo la ngeli ya I-ZI limekuwa kama umbo la jumla. Mwalimu wa Nyamirambo au Biryogo, mitaa ambayo Kiswahili kimezungumzwa kwa vizazi kadhaa, atakuwa na wanafunzi wanaokisema kwa ufasaha mkubwa wa kasi na msamiati, na bado wakaandika “kiti nyeusi.” Nawasihi walimu tarajali wasiwaambie watoto hao kwamba Kiswahili cha nyumbani kwao ni kibovu. Wanajua lugha kuliko wenzao wengi darasani. Waambiwe kwamba lugha ya maandishi na ya mtihani ina madai zaidi, kisha waonyeshwe ujumbe wa kabati.

9.4 Rangi zilizoazimwa kwa maumbile

Ukiacha zile tatu, Kiswahili hutaja rangi kwa kukutaja kitu chenye rangi hiyo, na mara nyingi kitu hicho hutoka shambani, msituni au jikoni. Kijani ni jani dogo. Kijivu kimetokana na jivu. Kahawia imetokana na kahawa. Manjano ni kile kiungo cha mizizi kinachotiwa katika pilau na mchuzi. Zambarau ni tunda la mzambarau, chungwa ni tunda la mchungwa, na waridi ni ua. Samawati imetoka katika Kiarabu na asili yake ni mbingu. Pwani husemwa pia “rangi ya damu ya mzee” kwa wekundu uliokolea ukaelekea weusi. Anayetaka kuipamba nyumba yake kwa rangi za maumbile, kwa Kiswahili hana haja ya kwenda mbali, maana lugha imekwisha kumfanyia kazi nusu.

Kwa kuwa maneno haya ni nomino, hayapokei viambishi vya upatanisho. Upatanisho huchukuliwa na -a unganifu: zulia la kijani, mto wa kijivu, mito ya kijivu, kochi la kahawia, vikapu vya manjano, taa za samawati. Tunaweza pia kuingiza neno rangi: zulia la rangi ya kijani. Hapa -a ni mbili, na kila moja ina bwana wake. La kwanza linapatana na zulia. Ya la pili linapatana na rangi. Kosa la kawaida ni kuvutwa na nomino rangi na kuandika *zulia ya rangi ya kijani.

Neno kijani hutumika pia pamoja na kivumishi -bichi: kijani kibichi. Mwanafunzi wa Rwanda atafurahi kugundua kwamba kwao husemwa icyatsi kibisi, ambako icyatsi ni nyasi na -bisi ni -bichi ileile. Lugha mbili zimetumia njia moja, moja ikalitazama jani na nyingine nyasi. Mambo kama haya yasemwe darasani hata kama hayamo katika mtihani.

Vipi kuhusu “kiti kijani” au “gari bluu,” bila -a? Husikika, na katika matangazo ya biashara huandikwa. Katika maandishi rasmi bado ninashauri “kiti cha kijani” na “gari la bluu.” Mwalimu asikate alama nyingi kwa hili, lugha inaelekea kubadilika hapo, na si kazi yetu kuifunga kamba.

-a unganifu hiyohiyo ndiyo inayotaja kitu kilichotengenezewa pambo: mkeka wa ukindu, chungu cha udongo, meza ya mvule, ukuta wa chokaa. Mifano mizuri ipo katika nyumba za mawe za Lamu na za Mji Mkongwe wa Zanzibar, miji iliyotiwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001 na 2000. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Dari zake zilibebwa na boriti za mikoko, hata upana wa chumba ukategemea urefu wa boriti uliopatikana. Ndani ya kuta mlichongwa vidaka vya kuwekea vyombo vya kaure. Na milango ya mbao ilichorwa yungiyungi, samaki, mitende na minyororo. Mwanachuo na ajaribu kuieleza nyumba hiyo bila -a unganifu, naye ataona kwamba hawezi kumaliza hata sentensi ya pili.

9.5 Kivumishi ni cha nomino ipi?

Turudi kwenye ujumbe wa jirani. Nomino mbili zikiungwa kwa -a na kivumishi kikafuata mwishoni, kiambishi cha kivumishi ndicho kinachoamua:

Mlango wa kabati mweupe. (Mlango ndio mweupe.)
Mlango wa kabati jeupe. (Kabati ndilo jeupe.)
Kiti cha mbao cheusi. (Kiti ni cheusi, kwa rangi au kwa moshi.)
Kiti cha mbao nyeusi. (Mbao zenyewe ndizo nyeusi, kama za mpingo.)

Tofauti kati ya sentensi mbili za mwisho ni tofauti ya bei. Mpingo ni mti ghali. Kopo la rangi nyeusi si ghali.

Lakini sarufi haitoshi kila mara, na mwalimu mkweli asifiche hilo. Tazama: ukuta wa udongo mwekundu. Ukuta na udongo vyote hupokea mw- katika kivumishi. Je, ukuta umepakwa rangi nyekundu, au umejengwa kwa udongo mwekundu wa vilima vyetu na pengine ukapakwa chokaa juu yake? Umbo haliwezi kutuambia. Vivyo hivyo “meza ya sebule nyeupe,” kwa kuwa meza na sebule zote ni za I-ZI, na “mto wa mkeka mwekundu.” Njia ya kutoka ni mpangilio. Kivumishi kikisogezwa karibu na nomino yake, utata huondoka: ukuta mwekundu wa udongo, meza nyeupe ya sebule. Pale maana ya pili inapotakiwa, tumia kirejeshi: ukuta wa udongo ambao ni mwekundu hausaidii, kwa kuwa ambao nao ni wa nomino zote mbili; afadhali kusema “ukuta uliojengwa kwa udongo mwekundu.” Nimeutia mfano ule mbovu makusudi, kwa sababu vitabu vingi huwaambia wanafunzi kwamba kirejeshi huondoa kila utata.

Nomino zinapounganishwa kwa na, kama katika “viti na meza nyeupe,” msomaji hawezi kujua kama viti navyo ni vyeupe. Rudia kivumishi: viti vyeupe na meza nyeupe. Urudiaji huu si kasoro ya mtindo.

9.6 Mazungumzo ya kufundishia

Mazungumzo haya yaigizwe na wanafunzi wawili. Ni ya mteja na fundi katika karakana ya Agakiriro ka Gisozi, ambako samani nyingi za Kigali hutengenezwa.

Fundi: Karibu, mama. Leo tunakutengenezea nini?
Mteja: Ahsante, fundi. Nataka rafu ya vitabu ya mvule, isipakwe rangi. Nikiigusa nijue kwamba nimegusa mti.
Fundi: Sawa. Na migongo yake, yaani ubao wa nyuma?
Mteja: Huo uwe mweusi, ili vikapu vyangu vyeupe vionekane.
Fundi: Ubao wa nyuma mweusi, rafu yenyewe ya rangi ya mti. Na hizi droo mbili?
Mteja: Droo ziwe nyekundu. La, ngoja. Vishikio vya droo viwe vyekundu. Droo zenyewe uziache.
Fundi: Mama, hapo umeniokoa. Ningezipaka zote.
Mteja: Ndiyo maana nakwambia taratibu. Juu ya rafu nitaweka chungu cha udongo chenye mmea wa majani ya kijani.
Fundi: Basi niandikie yote haya, mama, nisije nikasahau.

Mwalimu awaulize wanafunzi kwanza: katika usemi wa kwanza wa fundi baada ya kukubali, neno migongo limetumiwa ipasavyo, au fundi amejisahihisha mwenyewe? Kisha wapigie mstari kila kivumishi cha rangi na watoe mshale hadi kwenye nomino yake.

Mazoezi

1. Sahihisha virai vifuatavyo, na kwa kila kimoja eleza kama chanzo cha kosa ni kiambishi cha kitenzi, -a isiyohitajika, au umbo la jumla la I-ZI: (a) *ukuta weupe wa sebule; (b) *mapazia nyekundu ya dirisha; (c) *kikapu cha nyeusi; (d) *kuta zeusi za jikoni; (e) *mkeka nyeupe wa ukindu; (f) *kochi ya rangi ya kahawia.

2. Eleza tofauti ya maana kati ya “fremu ya kioo cheusi” na “fremu ya kioo nyeusi.” Ni ipi ambayo fundi wa mbao anaweza kuitekeleza peke yake, bila kumtafuta muuza vioo?

3. Kirai “mguu wa mti mweusi” kina utata. Kiandike kwa namna mbili ili kila maana ijitegemee.

4. Tunga sentensi sita kuhusu chumba chochote unachokifahamu nchini Rwanda, kwa mfano nyumba ya nyasi iliyojengwa upya katika makumbusho ya Nyanza. Tumia vivumishi halisi vyote vitatu vya rangi na rangi tatu za -a unganifu, na usitumie ngeli ya I-ZI zaidi ya mara moja.

5. Mwanafunzi wako wa mwaka wa pili, mzaliwa wa Biryogo, anakuambia mbele ya darasa: “Mwalimu, nyumbani sisi wote tunasema kiti nyeusi na tunaelewana.” Andika jibu lako kamili kwa aya moja, kama utakavyolitamka.

6. Kazi ya wawili wawili. Kila mmoja aandike ujumbe usiozidi maneno thelathini wa kumwagiza fundi samani moja yenye sehemu tatu na rangi tatu. Badilishaneni ujumbe, kisha kila mmoja achore na kupaka rangi samani kama alivyoielewa, bila kuuliza swali. Wekeni mchoro kando ya ujumbe, na mtafute katika kila tofauti kiambishi kilichoisababisha.